Kwa nini Marekani mwenye kura nyingi anaweza kuukosa urais

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu anaishi Houston, Texas, na mwaka 2022 alipata uraia wa Marekani. Mkewe bado ana kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. Mwaka 2024 kaka hakwenda kupiga kura. Nilipomuuliza akasema Texas mshindi anajulikana hata kabla ya kampeni, na kwamba huko rais hachaguliwi na wananchi. Nami nakumbuka mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura nyingi, lakini aliyeapishwa ni Trump. Huo ni uchaguzi wa namna gani? Kama wenyewe wanaona una kasoro, mbona hawaubadilishi? Na kaka yangu yuko sahihi kukaa nyumbani?" – Msomaji, Tanga.

Marahaba, dada yangu. Kaka yako kasema kweli nusu. Ni kweli kwamba kura yake ya urais, akiwa Texas, ina nafasi ndogo sana ya kubadilisha chochote ukilinganisha na ya mtu wa Pennsylvania. Si kweli kwamba hiyo ni sababu ya kukaa nyumbani. Nimefundisha sheria ya uchaguzi kwa muda mrefu, na mfumo huu nautazama kama mtu wa nje, sina kura huko wala chama. Ninachokiona ni kwamba kasoro inayolaumiwa na wengi siyo iliyo kubwa, na ile iliyo kubwa haimo hata kwenye Katiba yao.

Tuanze na huo mwaka 2016. Clinton alipata kura karibu milioni 65.9, Trump karibu milioni 63. Pengo la kura milioni 2.9 hivi, kwingi duniani, lingemaliza ubishi usiku uleule. Marekani halikumaliza kitu, kwa sababu sheria yao haina mahali popote inapojumlisha kura za nchi nzima ili kumpata rais. Jumla unayoiona kwenye televisheni imepigwa na vyombo vya habari. Kisheria, siku ile palikuwa na chaguzi 51, moja katika kila jimbo kati ya majimbo 50 na moja katika mji mkuu, Washington D.C.

Kila moja kati ya chaguzi hizo hutoa wajumbe, na hao ndio wanaomchagua rais. Jimbo hupewa wajumbe kwa idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, jumlisha maseneta wake 2. California ina wajumbe 54, Texas ya kaka yako ina 40, Wyoming ina 3. Mji mkuu ulipewa 3 kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 1961. Wote ni 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Katika majimbo 48 na mji mkuu, anayeongoza hata kwa kura moja huzoa wajumbe wote wa pale. Ni kama ligi ya mpira: ukishinda 6–0 unapata pointi 3, ukishinda 1–0 unapata pointi 3 zilezile. Clinton aliongoza California kwa zaidi ya kura milioni 4, akapata wajumbe walewale ambao angewapata kwa kuongoza kwa kura kumi. Trump aliongoza Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000, akachukua wajumbe wote 46 wa majimbo hayo matatu. Hapo ndipo urais ulipoamuliwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwenye kura nyingi za wananchi aliukosa urais mwaka 1824, 1876, 1888 na 2000 pia. Na mwaka 2020 ilikaribia kutokea tena, ingawa wengi hawakumbuki. Joe Biden alimzidi Trump kwa kura milioni 7 nchi nzima. Lakini Arizona alishinda kwa kura 10,457, Georgia kwa 11,779, Wisconsin kwa 20,682. Jumlisha: kura zisizofika 43,000. Majimbo hayo matatu yangekwenda upande wa pili, wagombea wangefungana kwa wajumbe 269 kila mmoja. Hapo Katiba inasema rais achaguliwe na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo likiwa na kura moja tu. California ya watu milioni 39.5 kura moja, Wyoming ya watu 577,000 kura moja. Nikiwaeleza wanafunzi wangu kipengele hicho, huwa wanadhani nimekosea.

Wakosoaji wengi husimama hapo kwenye udogo wa Wyoming. Wanapiga hesabu: mjumbe mmoja wa Wyoming anasimamia watu 192,000 hivi, mjumbe mmoja wa California anasimamia watu zaidi ya 730,000. Hesabu ni sahihi, na ukosefu wa usawa ni wa kweli. Lakini jiulize, umewahi kusikia mgombea urais amepiga kambi Wyoming? Wagombea hupiga kambi Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, Arizona, Nevada na North Carolina. Wyoming hawafiki, na California na Texas hufika zaidi kuomba fedha za kampeni. Kinachoamua nani asikilizwe ni ile kanuni ya mshindi kuzoa wajumbe wote. Jimbo ambalo mshindi wake anajulikana, liwe kubwa au dogo, halina faida kwa mgombea yeyote.

Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata Texas, ambako zilikuwa karibu milioni 5.9. Zile za Texas zilimpa wajumbe wote wa jimbo. Zile za California hazikumpa hata mmoja. Biden naye alipata kura zaidi ya milioni 5.2 Texas zisizomletea mjumbe yeyote. Watu milioni 11 na ushei walipanga foleni au walijaza karatasi za posta, kura zao zikahesabiwa sawasawa, na mwisho wa hesabu zikaishia mpakani mwa jimbo. Kaka yako ana haki ya kukasirishwa na jambo hilo.

Na kanuni hiyo haikuwekwa na wale waasisi walioandika Katiba mwaka 1787. Katiba inasema tu kwamba kila jimbo litateua wajumbe wake kwa utaratibu utakaoamuliwa na bunge la jimbo. Mwanzoni kila jimbo lilikuwa na lake. Mengine bunge la jimbo lenyewe liliwateua, mengine wananchi walichagua wilaya kwa wilaya. Kisha ikaja 1800. Virginia ilikuwa ikichagua kwa wilaya, na wafuasi wa Thomas Jefferson waliona mpinzani wake, John Adams, angeweza kuambulia wilaya mbili tatu. Wakabadilisha sheria ili wajumbe wote wa Virginia waende kwa atakayeongoza jimboni. Massachusetts, ngome ya Adams, nayo ikabadilisha utaratibu wake ili kumlinda mtu wake. Baada ya hapo kila jimbo likaona kugawanya wajumbe ni kujipunguzia nguvu mbele ya jirani asiyegawanya. Kufikia mwaka 1836 majimbo yote yalikuwa yamefuata mkondo huo isipokuwa South Carolina, ambako bunge liliendelea kuteua wajumbe lenyewe mpaka mwaka 1860. Leo ni Maine na Nebraska tu zinazogawa sehemu ya wajumbe kwa wilaya za ubunge. Ndiyo maana mwaka 2020 Biden aliambulia mjumbe mmoja wa eneo la Omaha huku Nebraska iliyobaki ikimpa Trump.

Kwa hiyo mtu akikwambia hivi ndivyo waasisi walivyotaka, mjibu kwamba huu ni ushindani wa vyama wa karne ya 19 uliogeuka mazoea.

Hata hivyo siwezi kuwaacha waasisi wenyewe bila kusema neno, maana walikuwa na dhambi yao. Pale Philadelphia mwaka 1787 wapo waliotaka rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. James Wilson wa Pennsylvania alikuwa mmoja wao. George Mason wa Virginia alipinga, akasema kuwaachia wananchi kazi hiyo ni sawa na kumpa kipofu achague rangi. Alikuwa na hoja: nchi pana, barabara mbovu, magazeti machache, na mkulima wa Georgia asingeweza kumjua mwanasiasa wa New Hampshire. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na James Madison alilisema waziwazi Julai 19 mwaka ule: haki ya kupiga kura ilikuwa imeenea zaidi Kaskazini kuliko Kusini, na Kusini isingepata nguvu yoyote kwa ajili ya watumwa wake. Katika kura ya moja kwa moja mtumwa hahesabiki, kwa sababu hapigi kura. Katika mfumo wa wajumbe anahesabika, kwa sababu wajumbe hufuata idadi ya wabunge, na idadi ya wabunge ilipangwa kwa kuhesabu kila watumwa watano kama watu watatu. Mwenye watumwa alipata nguvu ya kisiasa kupitia watu aliowafunga minyororo. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais wa nchi ile, miaka 32 rais alikuwa mtu wa Virginia, na marais wote wanne waliotoka huko walimiliki watumwa.

Utumwa ulifutwa mwaka 1865, na ile hesabu ya tatu kwa tano ikaondoka. Kilichofuata kinanisikitisha hata zaidi. Sasa Mweusi wa Mississippi au Alabama alihesabiwa mzima katika sensa, jimbo likaongezewa wabunge na wajumbe kwa ajili yake. Kisha jimbo lilelile likamzuia kupiga kura kwa kodi ya kura, kwa mitihani ya kusoma na kuandika, na kwa vipigo, karibu karne nzima, mpaka Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965. Mfumo wa wajumbe haukuiadhibu Mississippi kwa hilo. Jimbo hupata idadi ileile ya wajumbe wakipiga kura watu milioni moja au watu laki moja. Kama rais angechaguliwa kwa jumla ya kura za nchi nzima, jimbo lililozuia nusu ya watu wake lingepoteza nusu ya sauti yake. Hoja hii haisikiki sana kwenye mijadala yao, nami naiona nzito kuliko hesabu zote za Wyoming.

Watetezi wa mfumo huu wana hoja moja ninayoiheshimu. Wanasema unamlazimisha mgombea kutafuta kura pande nyingi za nchi, asitegemee eneo moja lenye watu wengi. Hofu hiyo tunaijua Afrika Mashariki. Tazama Wakenya walivyoijibu katika Katiba yao ya mwaka 2010: mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Masharti yote mawili kwa pamoja. Kura ya mtu wa Lamu inahesabiwa sawa na ya mtu wa Kiambu, na bado mgombea wa eneo moja hawezi kupita. Kenya ina matatizo yake ya uchaguzi, tunayafahamu, lakini ibara ile inaonyesha kwamba unaweza kuzilinda sehemu za nchi bila kuipunja kura ya mtu yeyote.

Sasa nije kwenye jambo linalomshangaza zaidi mtu wa kwetu akiutazama uchaguzi wa Marekani kwa karibu. Sisi tumezoea tume moja ya taifa, na mwenyekiti anayesoma matokeo mbele ya kamera. Marekani haina. Ipo Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, lakini kazi yake ni fedha za kampeni tu; haigusi karatasi ya kura. Uchaguzi unaendeshwa na mamlaka za mitaa zaidi ya 10,000: kaunti, miji, hata vijiji. Katika jimbo la Wisconsin peke yake makarani wa miji na vijiji wanaosimamia kura wanazidi 1,800. Kila jimbo lina sheria zake. North Dakota haina hata daftari la wapiga kura. Oregon hupiga kura kwa posta. Maine na Vermont wafungwa wanapiga kura wakiwa gerezani. Texas inadai kitambulisho chenye picha, na kuna majimbo yasiyodai. Raia wa Marekani wanaoishi Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani lakini si jimbo, zaidi ya watu milioni 3, hawana mjumbe hata mmoja wa kumchagua rais, lakini mmoja wao akihamia Florida anapata kura.

Tena msimamizi mkuu wa uchaguzi katika majimbo mengi, anayeitwa Katibu wa Jimbo, huchaguliwa kwa tiketi ya chama. Mwaka 2000 Florida, Katherine Harris aliidhinisha matokeo akiwa Katibu wa Jimbo, na wakati huohuo alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya George W. Bush katika jimbo hilo. Gavana alikuwa Jeb Bush, ndugu wa mgombea. Mwaka 2018 Georgia, Brian Kemp alisimamia uchaguzi wa ugavana ambao yeye mwenyewe alikuwa akigombea, akashinda. Jambo kama hilo lingetokea kwetu, waangalizi wa kimataifa wangeliandika ukurasa wa kwanza wa ripoti yao, na wangekuwa na haki.

Uchaguzi wa Florida wa mwaka 2000 nawaonyesha wanafunzi wangu kila mara. Kaunti kadhaa zilitumia kadi za kutoboa: mpiga kura anasukuma kijiti penye tundu la mgombea wake, kipande kidogo cha karatasi kinadondoka, mashine inasoma tundu. Vipande vingine havikudondoka. Vilining'inia kwa kona moja, au karatasi ilibonyea tu bila kutoboka. Maofisa waliinua kadi moja moja kwenye mwanga wa taa, mmoja akiwa na kioo cha kukuzia, wakijaribu kubaini mtu huyu alikusudia nini. Kaunti ya Palm Beach karatasi ilikuwa na kurasa mbili zilizofunguka kama mbawa, matundu katikati, na maelfu ya watu wakatoboa pasipo pao. Bush alitangazwa kuongoza kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6. Mahakama ya Juu ilikomesha kabisa kuhesabu upya Desemba 12, majaji 5 dhidi ya 4. Bush akapata wajumbe 271, mmoja tu zaidi ya idadi inayotakiwa, ingawa Al Gore alimzidi kwa kura zaidi ya nusu milioni nchi nzima. Januari iliyofuata Gore, akiwa Makamu wa Rais, ndiye aliyeongoza kikao cha Bunge kilichomtangaza mwenzake mshindi.

Ungetarajia niseme basi wanahitaji tume moja kama yetu. Nilikuwa nikielekea huko kabla ya mwaka 2020. Mwaka ule Georgia ilihesabu kwa mkono karatasi zote za urais, karibu milioni 5. Januari 2, 2021, Trump alimpigia simu Katibu wa Jimbo, Brad Raffensperger, wa chama chake mwenyewe, akamwambia anataka kupata kura 11,780, yaani moja zaidi ya pengo. Raffensperger alikataa, na sauti ya simu ile ilisikika dunia nzima. Arizona, Michigan, Wisconsin na Pennsylvania nako shinikizo lilikuwa kubwa, na maofisa, wakiwemo wengi wa Republican, chama cha Trump, waliidhinisha matokeo kama yalivyohesabiwa. Mfumo uliotawanyika kwa makarani elfu kumi ni mgumu kuusimamia kwa usawa, lakini pia hakuna mlango mmoja wa kubisha ukitaka kuuchakachua. Anayetaka kuiba anahitaji kuwapata watu wengi mno, wa vyama viwili, katika miji isiyojuana. Sisi wenye tume moja tungefaa kulitafakari hilo kabla ya kuwacheka.

Kuhusu wajumbe wenyewe sitasema mengi. Ni makada wa chama walioteuliwa jimboni. Desemba wanakutana katika mji mkuu wa jimbo lao, wanapiga kura, wanatia saini, hati zinapelekwa Washington kuhesabiwa mbele ya Bunge Januari 6. Mwaka 2016 wajumbe saba walimpigia mtu mwingine tofauti na waliyetumwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jimbo linaweza kuwalazimisha kutii. Ile Januari 6 ya mwaka 2021, umati ulipolivamia jengo la Bunge, wafanyakazi wa Seneti waliondoka wakiwa wamebeba masanduku yenye hati hizo, na kikao kikamalizika usiku wa manane wa kuamkia tarehe 7. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria inayosema wazi kwamba Makamu wa Rais hana mamlaka ya kukataa hati yoyote, na kwamba pingamizi haliwezi kujadiliwa mpaka liungwe mkono na moja ya tano ya kila baraza.

Mbona hawaubadilishi? Walijaribu. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 338 dhidi ya 70 pendekezo la kumchagua rais kwa kura za wananchi moja kwa moja. Mwaka 1970 likakwama Seneti, ambako maseneta wa Kusini na wa majimbo madogo walilizungumzia mpaka likafa. Kubadili Katiba yao kunahitaji theluthi mbili za kila baraza na robo tatu ya majimbo, yaani 38, na majimbo 13 yakitosha kukataa, shughuli imekwisha. Kuna njia ya pili inayopita pembeni ya marekebisho: majimbo yanaahidiana kwamba yatampa wajumbe wao mwenye kura nyingi nchi nzima, ahadi ianze kazi wajumbe wake wakifika 270. Kufikia mwaka 2024 majimbo 17 na mji mkuu, yenye wajumbe 209, yalikuwa yamejiunga. Yote ni ya mrengo wa Democratic, chama cha Clinton na Biden, na kwa hiyo wale wajumbe 61 waliokuwa wamebaki walikuwa wagumu kuliko 209 waliopatikana. Sitarajii badiliko la haraka. Chama kinachodhani mfumo unakibeba hakina sababu ya kuuvunja, na kila chama kina miaka yake ya kudhani hivyo. Mwaka 2024 Trump aliongoza kwa wajumbe na kwa kura za wananchi pia, na mjadala ukapoa.

Turudi kwa kaka yako. Usimdanganye kuhusu urais. Mgombea wa mwisho wa Democratic kushinda Texas ni Jimmy Carter, mwaka 1976, na mwaka 2024 Trump aliongoza huko kwa takriban pointi 14 za asilimia. Ingawa Georgia nayo ilihesabiwa ngome ya Republican kuanzia 1996, na mwaka 2020 ikaondoka kwa kura 11,779. California ilimpa Ronald Reagan ushindi mara mbili. Ngome hubomoka, na hubomoka kwa sababu kuna watu waliendelea kwenda kituoni miaka ambayo hapakuwa na dalili yoyote.

Lakini hoja kubwa ni hii: karatasi ya kura ya Houston si ya rais peke yake. Kaunti ya Harris, ulipo mji wa Houston, ni kati ya zile zenye karatasi ndefu kuliko zote Marekani. Chini ya rais yupo seneta, mbunge, wabunge wa jimbo, sherifu, mwendesha mashtaka, na majaji wengi, kwani Texas majaji huchaguliwa kwa kura na kwa vyama. Jaji atakayesikiliza kesi ya mwenye nyumba anayetaka kumtoa kaka yako, amechaguliwa. Na bunge la jimbo, lenye wawakilishi 150 na maseneta 31, ndilo lile ambalo Katiba imelipa mamlaka ya kuamua wajumbe wa Texas wapatikane vipi. Kanuni ya mshindi kuzoa wote inayomkera inaweza kufutwa na watu hao, bila kugusa Katiba ya Marekani. Wanachaguliwa katika karatasi ileile aliyoikataa.

Na ngazi hizo kura moja huwa na uzito wa kweli. Mwaka 2017 Virginia, wagombea wawili wa ubunge wa jimbo, David Yancey na Shelly Simonds, walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Sheria ikaagiza kura ya bahati. Januari 4, 2018, karatasi mbili zenye majina yao ziliwekwa ndani ya vikopo vya filamu ya kamera, vikopo vikatumbukizwa kwenye bakuli la udongo, ofisa akachanganya kwa mkono na kutoa kimoja. Lilitoka jina la Yancey, na kwa kiti hicho kimoja chama chake kikabaki na wingi wa bunge, 51 kwa 49. Mtu mmoja tu aliyebaki nyumbani angemaliza mambo bila bakuli.

Mwambie pia kuhusu mchujo, yaani uchaguzi wa kila chama kuwapata wagombea wake. Katika jimbo lenye chama kimoja kinachotawala, mshindi wa viti vingi hupatikana katika chaguzi za mchujo za mwezi Machi, na Novemba huwa ni kuthibitisha tu. Texas mpiga kura hajiandikishi kwa chama. Anafika, anachagua atapiga katika mchujo wa chama gani, basi. Wanaojitokeza Machi ni wachache sana kuliko wa Novemba, hivyo kura yake inapanda thamani. Ahakikishe amejiandikisha angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, awe na kitambulisho chenye picha, na kama kazi inambana Jumanne, maana siku ya uchaguzi huko ni siku ya kazi, aitumie ile nafasi ya kupiga kura mapema ambayo kwa kawaida huanza siku 17 kabla.

Jambo la mwisho, na hili naomba umpigie simu leo. Wifi yako mwenye kadi ya kijani asijiandikishe wala asipige kura katika chaguzi hizi, hata kama kuna mtu atamwambia mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Asiye raia akipiga kura ya shirikisho ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1996, na linaweza kumfikisha kwenye kufukuzwa nchini au kunyimwa uraia baadaye, hata kama alifanya kwa kutojua. Wengi huingia kwenye shida hii ofisi ya leseni za udereva, pale fomu inapouliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura na mtu anatia alama ya ndiyo kwa haraka. Atie alama ya hapana, aisome fomu yote kabla ya kusaini, na kama aliwahi kutia ndiyo, amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kupeleka maombi ya uraia.